Joto la Treni Linakwenda kwa Nani?

Mwaka 1906, njia ya treni ya Bakerloo ilipofunguliwa chini ya jiji la London, wenye reli walikuwa na neno tamu la kuwavutia wateja wakati wa kiangazi: huku chini kuna ubaridi. Matangazo ya miaka ile yaliwaalika watu wakimbie jua la barabarani, washuke mahandakini kupunga hewa. Hayakuwa ya uongo. Udongo wa mfinyanzi uliozunguka mahandaki hayo ulikuwa na nyuzi joto 14 hivi mwaka mzima, na treni za wakati huo hazikuwa na nguvu ya kuubadilisha. Leo udongo uleule una nyuzi kati ya 19 na 26, kutegemea mahali, na Bakerloo ni miongoni mwa njia zenye fukuto kali kuliko zote jijini. Mwezi Agosti, wastani wa joto kwenye njia hiyo na ile ya Central umekuwa ukivuka nyuzi 30. Wakazi wa London wana mzaha wao: sheria ya Ulaya ya kusafirisha mifugo inataja nyuzi hizohizo 30 kuwa kikomo cha joto ndani ya gari, kwa hiyo ng'ombe angekuwa na haki ya kulalamika, mtu hana.

Nani aliupasha udongo moto? Abiria hawana hatia kubwa. Mtu aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi, sawa na balbu ya zamani, na hilo ni sehemu ndogo tu ya joto la mahandaki. Sehemu kubwa inatoka kwenye treni yenyewe, na ndani ya treni mkosaji wa kwanza ni breki. Tupige hesabu ya haraka. Treni yenye uzito wa tani 200 ikienda kilomita 60 kwa saa imebeba nguvu ya mwendo ipatayo megajuli 28. Ikisimama kituoni kwa breki za kusugua, nguvu hiyo yote inageuka joto, na joto hilo lingetosha kuchemsha lita 88 za maji kutoka uvuguvugu wa bombani hadi yatokote. Hapo ni kusimama mara moja. Dakika mbili baadaye inasimama kituo kinachofuata, na nyuma yake kuna nyingine, tangu alfajiri hadi karibu usiku wa manane, kwa zaidi ya miaka mia moja.

Kwa miongo kadhaa udongo ulilimeza joto hilo kimyakimya. Ndiyo maana tatizo halikuonekana mapema: London ilikuwa na ghala kubwa la baridi chini ya miguu yake na ililitumia bila kujua kwamba lina mwisho. Ghala lilipojaa, kuta zikaanza kurudisha joto. Sasa hata treni zikisimama usiku, handaki halipoi vya kutosha kabla ya asubuhi.

Hapa ndipo ilipo sheria moja inayotawala suala hili zima, na wauzaji wa mabehewa hawapendi kuitaja. Joto halifutiki, linahamishwa tu. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachota joto ndani ya behewa na kulimwaga nje, kikiongeza na lile la mashine yake: kwa kila vipimo vitatu vya joto kinavyotoa ndani, nje vinamwagika vinne hivi. Ni kama kufagia ua wako na kuzisukuma taka kwa jirani. Jirani wa behewa ni jukwaa, jirani wa jukwaa ni handaki, jirani wa handaki ni udongo au barabara iliyo juu. Kila mji uliojaribu kumpoza abiria umelazimika kuchagua jirani wa kumwagia, hata kama haukukaa kikao cha kuamua.

New York ilichagua jukwaa. Baada ya majaribio yaliyoshindikana katika miaka ya 1950, mabehewa ya aina ya R38 yenye viyoyozi yalianza kubeba abiria mwaka 1967, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 karibu mabehewa yote yalikuwa navyo. Aliye ndani ya treni mwezi Julai anaweza hata kuvaa sweta. Anayeisubiri anateseka maradufu, kwa hali ya hewa ya jiji na kwa pumzi ya moto inayotoka kwenye mashine za treni zinazopita. Vituo vingi vya mji huo vilijengwa kwa imani kwamba hewa itaingia na kutoka yenyewe kupitia nyavu za chuma zilizowekwa barabarani, ikisukumwa na treni zinapopita. Ni nyavu zile za picha mashuhuri ya Marilyn Monroe ya mwaka 1954, ingawa waliopiga filamu walilazimika kuweka feni yao chini ya wavu ili gauni lipeperuke. Vituo vilivyopozwa kwa makusudi ni vya kuhesabika, na vingi ni vipya: Hudson Yards kilichofunguliwa 2015, na vile vya Second Avenue vilivyoanza 2017.

Tokyo ilienda kinyume, na kwa maoni yangu ilikuwa na akili zaidi, hata kama abiria wake walilipia akili hiyo kwa jasho la miaka mingi. Shirika la Eidan, lililoendesha sehemu kubwa ya treni za chini ya ardhi kabla ya Tokyo Metro, lilianza mwaka 1971 kupoza vituo na mahandaki, likakataa kuweka viyoyozi kwenye mabehewa. Wahandisi wake waliona kwamba behewa lenye kiyoyozi ndani ya handaki ni jiko linalotembea. Wakati huo treni za juu ya ardhi za mji huohuo zilikuwa zimeshaanza kuwekewa viyoyozi, na nyingine zilikuwa zikipitiliza moja kwa moja hadi kwenye njia za chini. Matokeo yake yalikuwa kichekesho: treni ikiingia handakini, kiyoyozi kinazimwa. Abiria aliyepanda kitongojini akiwa ametulia anafika katikati ya mji shati limemganda mgongoni.

Eidan ilikubali kuweka viyoyozi kwenye mabehewa mwaka 1988, ikamaliza kazi hiyo 1996. Kilichoibadilisha nia si huruma peke yake. Katika miaka ya kungoja, treni zenyewe zilikuwa zimebadilika. Mota za umeme zikawa na uwezo wa kugeuka jenereta treni inapopunguza mwendo, na badala ya lita zile 88 za maji yanayotokota, nguvu ya mwendo inarudi kwenye waya na kuisukuma treni nyingine inayoondoka kituo cha jirani. Vifaa vya kudhibiti umeme navyo viliacha kuuchoma umeme wa ziada kwenye vipinga na kuugeuza joto la bure. Kwa hiyo joto la breki lilipungua kwanza, na handaki likapata nafasi ya kupokea joto la viyoyozi. Mpangilio huo, kupunguza kwanza na kuhamisha baadaye, ndio ambao miji mingi imeuruka.

London haikuuruka kwa uvivu. Ilizuiwa na ukubwa wa matundu. Mahandaki yake ya kina yana kipenyo cha mita tatu na nusu hivi, na treni inayapita ikiwa imebakiza nafasi ndogo mno pembeni na juu. Hakuna pa kuweka mashine ya kiyoyozi juu ya paa, na hata ungepata pa kuiweka, joto lake lingebaki humohumo. Mwaka 2003 Meya Ken Livingstone alitangaza zawadi ya pauni 100,000 kwa atakayeleta suluhisho. Mapendekezo yalimiminika. Mashindano yakafungwa 2005 bila mshindi, na sioni ajabu: tatizo halikuwa ukosefu wa werevu, bali ukosefu wa mahali pa kulipeleka joto.

Tangu hapo mji umekuwa ukiokota sentisenti. Kituo cha Victoria kilifanyiwa majaribio ya kupoza kwa maji yanayovuja chini ya ardhi, ambayo kwa vyovyote hupigwa pampu kila siku yasifurike. Kwenye kituo cha Green Park wakachimba visima vya maji ya kupozea. Feni za njia ya Victoria zikaongezewa nguvu, na treni zake mpya za mwaka 2009 zikaja na breki za kurudisha umeme. Njia za karibu na uso wa ardhi, ambazo mahandaki yake ni mapana na yamefunguka mahali pengi, zilipata treni zenye viyoyozi kuanzia 2010. Na Islington, tangu 2020, joto linalovutwa kwenye tundu la hewa la kituo kilichofungwa zamani cha City Road linapelekwa kupasha nyumba na maji ya wakazi wa mtaa. Mradi huo unasifiwa sana na unastahili, lakini ni tundu moja katika mtandao wa mamia ya kilomita.

Mtu akitaka kuona London ingefanyaje kama ingeanza upya, aiangalie njia ya Elizabeth iliyofunguliwa Mei 2022. Mahandaki yake yana upana wa mita zaidi ya sita, treni zina viyoyozi, na kwenye vituo vya chini ya ardhi katikati ya jiji kuna ukuta wa vioo kati ya jukwaa na reli, wenye milango inayofunguka treni ikishasimama.

Ukuta huo wa vioo unastahili kuangaliwa peke yake, kwa sababu ndio uliozitatulia shida nchi za joto na unyevu. Singapore ilipofungua treni zake mwaka 1987 iliweka milango ya namna hiyo kwenye vituo vya chini ya ardhi, ikiwa miongoni mwa miji ya mwanzo kabisa duniani kufanya hivyo kwenye mfumo mkubwa. Leo watu hudhani iliwekwa kuzuia ajali, na kweli inazizuia, lakini sababu iliyoipa uzito pale mwanzo ni bili ya umeme. Kupoza jukwaa lililo wazi kuelekea handakini ni kupoza handaki zima, na kila treni inayoingia inasukuma mbele yake hewa ya moto na kuvuta nyuma yake ile uliyoilipia. Ukilitenga jukwaa, kiyoyozi kinashughulika na chumba, si na bomba la kilomita nyingi.

Hong Kong ilikuwa na vituo vilivyokwisha kujengwa bila ukuta huo, na ikaamua kuuongeza. Vituo 30 vya chini ya ardhi vilifanyiwa kazi hiyo katika miaka ya mwanzo ya 2000, usiku, treni zikiwa zimelala. Abiria walichangia senti 10 za dola ya Hong Kong kwa safari, kuanzia mwaka 2000 hadi 2013. Wapo walionung'unika, kama ilivyo kawaida ya watu wanaokatwa pesa, lakini angalau kila mmoja alijua pesa yake inakwenda kwenye kioo gani.

Dubai ilipeleka jambo hili mwisho wake. Treni yake, iliyozinduliwa tarehe 9 Septemba 2009, imefungiwa kabisa: mabehewa, majukwaa, hata madaraja ya waenda kwa miguu yanayovuka barabara hadi vituoni, yote yana hewa baridi. Mfanyabiashara wa Kariakoo au Mombasa aliyekwenda mtaa wa Deira kufunga mzigo anayajua madaraja hayo, na anaijua miwani inavyoingia ukungu mtu akitoka nje mwezi Agosti. Kwa nchi ambayo nje kuna nyuzi 45, sidhani kulikuwa na njia nyingine ya kumfanya mtu aache gari nyumbani. Ila joto lote linalochotwa humo linamwagwa mjini, na anayelipokea ni yule asiyemo ndani, fundi wa ujenzi na mfagizi wa barabara.

Swali la nani analipokea linageuka kirahisi kuwa swali la nani analipa, na hakuna mahali lilipogeuka kwa kelele kama Mumbai. Treni za vitongoji vya mji huo zinabeba mamilioni ya watu kila siku, na kwa miaka mingi upozaji wake ulikuwa mlango usiofungwa. Watu wananing'inia mlangoni kwa kukosa nafasi, ndiyo, lakini pia kwa sababu pale ndipo penye upepo. Wengine huanguka wakafa. Treni ya kwanza yenye kiyoyozi ilianza siku ya Krismasi mwaka 2017, ikiwa na milango inayojifunga na nauli iliyo mara kadhaa ya ile ya daraja la pili. Mwaka 2022 Serikali ilipunguza nauli za safari moja kwa nusu, na bado, mwezi Agosti mwaka huohuo, abiria wa Kalwa na Badlapur waliandamana vituoni. Hawakuwa wakidai viyoyozi. Walikuwa wakipinga treni za kawaida kuondolewa kwenye ratiba ili treni zenye viyoyozi zipate nafasi. Kwao, kila treni ya baridi iliyoongezwa ilikuwa treni ya maskini iliyopunguzwa, na waliobaki walizidi kubanana. Ubanano huo nao ni joto: watu 2,000 kwenye treni moja ni kilowati 200 za miili tu.

Juni 2025, baada ya abiria kuanguka na kufa karibu na kituo cha Mumbra kwenye vitongoji hivyohivyo, Shirika la Reli la India lilitangaza kwamba treni mpya zisizo na viyoyozi zitakuwa na milango inayojifunga lakini yenye matundu ya kupitisha hewa, mashine za kuingiza hewa safi juu ya paa, na njia ya kupita kati ya behewa na behewa. Kwa macho yangu hilo ni wazo muhimu kuliko treni yenyewe ya kiyoyozi, maana linakubali kwamba kati ya jasho na friji kuna ngazi nyingi za kukanyaga.

Ngazi hizo zinaanzia kwenye mwili. Mtu hapozwi na namba ya kipimajoto. Anapozwa na jasho linapokauka, na jasho hukauka kwa upepo na kwa ukavu wa hewa. Upepo wa mita moja kwa sekunde, ambao feni ya kawaida ya darini inautoa bila shida, unamfanya mtu ajisikie kama joto limeshuka nyuzi mbili hadi tatu. Feni hiyo inakula wati 70 hivi, chini ya joto linalotoka kwa abiria mmoja aliyekaa chini yake. Ndiyo maana Singapore, pamoja na utajiri wake, haikufunga viyoyozi kwenye vituo vyake vilivyo juu ya ardhi. Iliweka mapangaboi makubwa yanayozunguka taratibu na kusukuma hewa nyingi, ikawaacha watu na kivuli.

Ukavu ni habari nyingine. Vinyunyizio vya ukungu wa maji, vinavyopendwa sana kwenye picha za miji ya jangwani, hufanya kazi kwa kuwa maji yakigeuka mvuke hunyonya joto. Dodoma wakati wa kiangazi vingefaa. Dar es Salaam wakati wa kaskazi, hewa ikiwa imeshiba maji ya bahari, vingemlowesha abiria tu na kumwacha na fukuto lake.

Na kuna watu ambao taabu yao ni baridi. Japani ina mabehewa ya baridi hafifu tangu miaka ya 1980, ambamo kiyoyozi hupandishwa nyuzi moja au mbili, kwa ajili ya wazee na wengine wasiopenda kupigwa na hewa ya barafu. Seoul nayo hutenga mabehewa hayo: ya kawaida nyuzi 24, hayo 25. Tofauti ni ndogo, lakini kwa shirika linalopokea malalamiko ya joto na ya baridi kutoka kwenye treni moja, saa moja, kumpa abiria uchaguzi wa behewa ni dawa ya bei nafuu kuliko zote nilizozitaja.

Jambo la kutisha zaidi kuhusu treni ya viyoyozi ni siku vinapokufa. Tarehe 10 Julai 2010, treni ya mwendo kasi ya Ujerumani ilisimamishwa Bielefeld baada ya viyoyozi kuzimika njiani. Humo ndani joto lilipita nyuzi 50, wanafunzi waliokuwa safarini wakazirai. Madirisha hayakuwa ya kufunguka. Baadaye ilifahamika kwamba mfumo wa kupoza wa treni za aina hiyo ulisanifiwa kwa joto la nje la hadi nyuzi 32. Aliyeandika namba hiyo kwenye mkataba hakuwa mzembe. Alikuwa akiifikiria Ujerumani aliyokulia.

Tuje kwetu. Reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, imewazoesha Watanzania treni ya umeme yenye viyoyozi na stesheni zenye kumbi za kukaa. Hiyo ni safari ya mbali, na mtu anakaa kwenye treni muda mrefu kuliko anaosubiri. Treni ya mjini ni kinyume chake. Ile ya Dar es Salaam iliyoanza Oktoba 2012, ambayo watu waliibatiza jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo wakaiita treni ya Mwakyembe, inafanya safari fupi kwa mabehewa ya zamani. Inakwenda asubuhi na kurudi jioni, na anayeikosa hana nyingine ya dakika mbili baadaye kama wa Hong Kong. Kwa hiyo taabu kubwa ya abiria iko chini, kwenye jukwaa, kabla hajapanda. Joto analolibeba abiria si ukali wake tu, ni ukali mara dakika. Ukimpa behewa la nyuzi 24 kwa nusu saa baada ya kumsimamisha juani dakika 40, umetumia pesa upande usiofaa wa hesabu.

Ndiyo maana naona mjadala wa kwetu ukianza na viyoyozi umeanzia mwisho. Njia za treni za Dar es Salaam na Nairobi zinapita juu ya ardhi. Hatuna udongo wa kupasha, hatuna handaki la kufungia joto, na jirani wa kumwagiwa ni anga. Tuna bahati ambayo London ingeilipia mabilioni. Kinachotupika ni jua na mabati. Bati tupu lililopigwa na jua la saa saba linaweza kupita nyuzi 60, na anayesimama chini yake anapokea mnururisho wake kichwani hata kama upepo unavuma. Paa hilohilo likipakwa rangi nyeupe, likainuliwa juu zaidi na kuwekewa dari yenye nafasi ya hewa kati, linakuwa kivuli cha kweli. Wajenzi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar na wa Lamu walilijua hilo bila vipimo: kuta nene, vichochoro vyembamba vinavyotupiana kivuli, matundu ya kupitisha upepo. Jukwaa refu la treni lingeweza kuiga hayo kwa kufuata uelekeo wa kaskazi na kusi, badala ya kuzibwa na mabango na vibanda upande uleule unakotoka upepo.

Nairobi ina nafuu ya mwinuko. Mji ulio mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari hauhitaji friji kituoni. Unahitaji paa lisilochoma mchana na behewa linalopumua, hasa jioni watu wakiwa wamejaa na mvua ya masika imewalazimisha kufunga madirisha. Hapo tatizo si joto la jiji, ni hewa isiyobadilishwa, na dawa yake ni feni za kuingiza hewa kutoka nje.

Dar es Salaam, kwa unyevu wake, itafika mahali ihitaji treni za mjini zenye viyoyozi, na mipango ya treni ya umeme ya jiji imekuwa ikizungumzwa kwa miaka. Siipingi. Ila kuna mistari michache ya mkataba ambayo ningetamani iandikwe na mtu aliyewahi kusimama Buguruni mwezi Februari. Joto la nje la usanifu liwe la hapa, pamoja na unyevu wake, na liongezwe kwa ajili ya miaka 30 ambayo behewa litaishi. Madirisha kadhaa ya kila behewa yafunguke, au feni za dharura ziendeshwe kwa betri muda wa kutosha kuwashusha watu, kwa sababu umeme ukikatika njiani behewa lililozibwa linakuwa tanuri. Breki zirudishe umeme kwenye waya. Na mabehewa mapya yasihesabiwe kuwa mafanikio kama idadi ya safari imepungua ili yapatikane. Waliozuia treni Kalwa wangekuwa na la kuwaambia waandika zabuni wetu.

Kabla ya hayo yote kuna kazi ya bei rahisi ambayo sioni sababu ya kuisubirishia mfadhili. Mamlaka ya usafiri ya London hutangaza wastani wa joto wa kila njia, mwezi kwa mwezi, na ndiyo maana hata mimi niliye mbali nimeweza kuandika juu ya Agosti ya Bakerloo. Kipimajoto chenye kupima na unyevu, kikining'inizwa jukwaani Kamata, Buguruni, Gongo la Mboto na Pugu kuanzia Desemba hadi Machi, kingeonyesha kituo kipi kinaunguza, saa ngapi, na kama paa au mti wa mwarobaini upande wa magharibi ungetosha. Matokeo yakibandikwa hadharani pamoja na ratiba ya treni, mkandarasi atakayekuja kuuza viyoyozi atakuta namba zinamsubiri.